Kidude cha Mama Mkwe

Machi 9
Kitabu hiki ni cha miadi ya mwaka jana. Bosi wangu, daktari wa macho, amenipa kurasa zilizobaki. "Andika hata mstari mmoja kwa siku," alisema, "usikae kama ukuta." Pembeni mwa kila ukurasa kuna saa zilizochapwa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo hakuna mistari, na mimi pia baada ya hapo sina la kusema.

Mume wangu alifariki Januari. Moyo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Haya, nimeandika.

Machi 10
Nimesaga lenzi sita.

Machi 12
Mvua ya kwanza. Ilinguruma mara moja tu, saa tisa, mpaka fremu zikacheza kabatini. Saa kumi Mama akapiga simu. Mama ni mama wa mume wangu. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa shule ya msingi, kwa hiyo neno hilo nina mtu mmoja tu wa kumwita.

"Mwanangu, king'amuzi kimetoa moshi."

Nikamwuliza kama yeye mzima. Akasema mzima, ila hakuna aliyemwambia. Nikadhani anazungumzia utabiri wa hali ya hewa.

Nilipita kwake jioni. King'amuzi kimeungua upande mmoja, kinanuka kama nywele zilizogusana na pasi. TV yenyewe imepona. Mama alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani, anatazama kioo cheusi, kwa sababu ilikuwa saa moja na saa moja ndiyo saa ya tamthilia yake, ile ya ndugu wawili wanaogombea kiwanda cha sabuni. Nikakaa naye. Tukatazama kioo cheusi mpaka saa moja na nusu, halafu nikaaga.

Machi 13
Shemeji kapiga simu. Ni mdogo wa marehemu, anaishi mbali, anauza vigae, na anaongea kama bado yuko dukani. Nilimsimulia habari za jana. Heri nisingemsimulia.

"Shemeji, nimeshafikiria. Mama hawezi kukaa peke yake. Mvua zikiisha nakuja na gari namchukua."

"Mwenyewe amekubali?"

"Mama gani wa kukubali au kukataa? Unamjua. Mwulize chai au maji, atakujibu chochote kilichopo. Hata hiyo TV alikuwa anawashiwa na kaka." Akakohoa. "Na wewe, shemeji, bado kijana. Una maisha yako. Hatuwezi kukufunga na mkwe ambaye... unanielewa."

Nilimwelewa. Uzi uliotuunganisha umekatika, kila mtu akunje kipande chake. Nikasema nitamnunulia Mama kile kidude cha kuleta vipindi kwa intaneti, kwa kuwa intaneti ipo, marehemu aliiweka mwaka juzi.

"Mama? Na kidude?" Alicheka mpaka akaniudhi, au angeniudhi siku nyingine. "Haya. Nikija nikamkuta anatazama mwenyewe, bila wewe kumshikia rimoti, sisemi neno. Atabaki. Nikimkuta anatazama giza, namchukua."

Tukakubaliana hivyo. Nilipaswa kuumia, badala yake nikaosha vyombo. Mwili wangu una ganzi, kama shavu baada ya kung'olewa jino. Unajua shavu lako lipo kwa sababu unaliona kwenye kioo.

Machi 16
Duka la Garantii. Jina lake halisi silijui, wote tunamwita hivyo kwa sababu anaapa garantii hata akikuuzia betri ya saa. Nikamweleza: mtu mzima, hajawahi kugusa kompyuta, simu yake ya vitufe, anataka tamthilia moja tu.

"Dada, umefika." Akapanga vidude vitatu juu ya meza. Kijiti cha kuchomeka nyuma ya TV, rimoti ina vitufe kumi na tisa, nilivihesabu. Kisanduku kidogo, rimoti vitufe sita. Na kingine cha bei ya kukufuru, ambacho unakiambia kwa mdomo unachotaka.

Kazini kwetu mtu hapewi fremu ishirini kwa mpigo, atachanganyikiwa. Anapewa mbili. Hii au hii? Anayochagua inakutana na nyingine. Hii au hii? Mwisho inabaki moja na mtu anaondoka anaiamini. Ningemfanyia Mama hivyohivyo. Lakini Mama hakuwepo, nikamchagulia mwenyewe. Nikachukua kijiti, kwa sababu Garantii alisema ndicho kinachouzika.

"Ila hakikisha hakizimwi ghafla kikiwa kinajisasisha," akasema. "Hivyo vidude vina roho ndogo."

"Hakizimwi," nikamjibu. Nilijibu tu.

Machi 17
Kujisasisha peke yake kumechukua saa mbili na nusu, intaneti ya Mama inatambaa. Kisha nikamfundisha. Anashika rimoti kwa mikono miwili kama kifaranga. Nikamwambia siku hizi unaweza kutazama tamthilia saa yoyote unayotaka. Akasema, "Saa yoyote si saa, mwanangu." Saa moja kamili akabonyeza, ndugu wa sabuni wakatokea wakitukanana. Akatabasamu kidogo. Nikaangalia tabasamu lile nikarudi nyumbani.

Machi 18
Mvua tangu saa nane.

Machi 19
Mvua. Mama kapiga: kidude kinamwuliza anataka lugha gani. Nimekwenda. Kimesahau kila kitu, intaneti, jina, vyote. Nimekipanga upya.

Machi 20
Mvua. Kimesahau tena.

Machi 23
Nimekirudisha kwa Garantii. Amekijaribu pale dukani, kikafanya kazi bila tatizo, akanitazama kama mgonjwa anayedai haoni herufi kubwa. Lakini kanibadilishia, nikaongeza kidogo, nikachukua kisanduku cha vitufe sita. Kitufe cha kuwashia nimekipaka rangi ya kucha, nyekundu. Chupa ilikuwa imekauka, nimeichokonoa kwa kijiti cha kiberiti. Sijapaka kucha tangu Januari.

Machi 24
Jua.

Machi 27
Siku nne za jua na Mama hajapiga simu. Nilipita nikamkuta mbele ya TV, peke yake, anawafokea ndugu wa sabuni. "Huyu mkubwa hana haya hata chembe!" Nikafurahi. Nadhani ilikuwa furaha.

Machi 30
Mvua kubwa. Simu. Kioo kimeandika kinajisasisha, tafadhali usizime, na kimeganda hapo.

Aprili 2
Mvua. Kimeganda.

Aprili 3
Mvua.

Aprili 6
Shemeji kauliza vipi maendeleo. Nimesema mazuri. Kasema watoto wamemwandalia bibi yao chumba, ukutani wameweka vigae vya bluu vyenye samaki. Nimefikiria Mama akiamka kila siku akitazamana na samaki.

Aprili 9
Garantii hana hamu nami tena. "Dada, mimi nauza vifaa, uchawi siuzi. Hapo kwa mama yako kuna kitu." Kisanduku kikawaka palepale mbele ya macho yangu, kizima kama mwari. Sikukirudisha, nilikitia kwenye mkoba. Nikanunua na kile cha bei ya kukufuru.

Aprili 10
Hiki unabonyeza kitufe unasema. Mama akakileta mdomoni. "Hodi. Habari za jioni? Poleni na kazi. Samahani kwa usumbufu, mimi ni mama yake..." Kikaacha kusikiliza. Kinasikiliza sekunde chache tu, na Mama hajamaliza hata kukisalimia.

"Mama, sema jina la tamthilia tu."

"Nimvamie mtu hivihivi, bila salamu?"

"Si mtu, Mama."

"Hata kama."

Zamani ningecheka mpaka niketi chini, kisha ningemsimulia mtu fulani nyumbani. Nimemfundisha tena. Mara ya nane akaweza.

Aprili 14
Mvua na radi. Kimekufa. Hata taa yake haiwaki vizuri, inapepesa.

Aprili 15
Nimefanya kitu kibaya.

Nilifika nikiwa nimelowa hadi kwenye soksi. Mama yuko mbele ya kioo, mikono mapajani, anasema, "Kimelala tena, mwanangu," kwa sauti ileile ya kila siku. Nikabonyeza, kikaanza upya, lugha gani, intaneti gani. Nikajisikia kitu kinapanda. Baada ya miezi mitatu ya kutosikia chochote, kitu cha kwanza kilichoamka ni hasira. Heri kingelikuwa kingine.

"Mama, unakifanya nini? Mtoto wa chekechea angeshakijua! Vidude vitatu, Mama! Vitatu! Unataka akuchukue?"

Alinyoosha kitambaa cha mezani, ambacho kilikuwa kimenyooka.

"Basi mwambie aje," akasema. "Nisikuchoshe."

Nikaondoka bila kukipanga. Mwavuli niliusahau kwake.

Aprili 16
Mvua.

Aprili 17
Mvua. Sikupiga simu.

Aprili 19
Mvua. Na yeye hapigi.

Aprili 21
Leo nimeweka lenzi ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Miaka kumi na moja sijawahi. Mzee mwenye miwani alitoka mlangoni akapapasa ngazi kwa mguu, akarudi akasema dunia imeinama. Nimemwomba radhi nikarekebisha. Daktari hakunifokea. Alisema, "Nenda nyumbani." Ilikuwa saa saba na nusu tu.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nimekaa sasa jikoni kwangu na kitabu hiki, saa zilizochapwa zimekwisha, naandika pembeni.

Nilikwenda kwa Mama kuchukua mwavuli. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, mwavuli. Mlango wake wa mbele una kioo cha mawimbi, ukisimama nje unamwona aliye ndani kama yuko majini. Nimenyanyua mkono nipige hodi, mbingu ikanguruma. Mama akanyanyuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona. Akachomoa jokofu. Akachomoa redio, pasi ambayo wala haikuwa inatumika, taa ya mezani. Akachomoa TV, akachomoa kidude, akakifunga na kitambaa na kukitia ndani ya kopo la biskuti, akafunika. Halafu akaketi. Akachukua simu yake ya vitufe akaishika mapajani, akaitazama.

Hakubonyeza chochote. Alikuwa anaisubiri.

Nikafungua mlango bila hodi. Alishtuka kama mwizi.

"Mama, kumbe unakichomoa?"

"Kwani nisikichomoe? Cha kwanza si kiliungua?" Kisha akainama. "Hakuna aliyeniambia. Siku ile nilingoja simu, haikulia, nikajiambia basi radi yenyewe ni ndogo."

"Simu ya nani?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyezeeka.

"Ya mumeo. Si alikuwa ananipigia? Tangu alipoanza kazi ana simu yake. Ikinguruma tu: 'Mama, chomoa.' Mvua ikikatika: 'Mama, chomeka.' Hata akiwa kwenye mkutano anapiga. Haongezi neno. Chomoa, chomeka." Akapangusa kopo la biskuti, halina vumbi. "Kuchomoa najiambia mwenyewe siku hizi. Nikiona wingu tu nachomoa. Kuchomeka ndiko sijui. Nitajuaje imeisha kweli? Nasubiri, nasubiri, nachomeka kidogo, ikinguruma tena nachomoa, mpaka wewe ukifika ndipo naona ni salama, nachomeka nikisikia lango."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nakaa nangoja simu ya marehemu? Ungempigia shemeji yako, mngesema Mama kichwa kimeruka."

Nikakaa chini, sakafuni. Miaka yetu tisa ya ndoa, mvua ikinguruma, mume wangu alikuwa anachukua simu anatoka nayo kibarazani na kufunga mlango. Dakika moja, anarudi. Mvua ikikatika, vilevile. Siku moja nikamwuliza huyo anayepigiwa na mvua ni nani. Akacheka, akasema, "Mpenzi wangu wa kwanza." Nilimnunia siku mbili. Nilimpakulia chakula baridi. Yeye akala, akashukuru, hakueleza, maana alikuwa mtu wa kufurahia utani wake peke yake.

Nikamsimulia Mama. Akafungua mdomo, akaziba kwa kiganja, akaanza kucheka. "Chakula baridi!" Anacheka huku machozi yanamtoka. "Mwanangu mjinga!" Na mimi nikacheka, halafu katikati ya kicheko nikagundua ninalia, na ilikuwa inauma, shavu lote linauma, ganzi ikitoka ndivyo inavyouma. Mama alinishika kichwa akakiegemeza kwenye goti lake. Nilimwomba msamaha kwa maneno ya siku ile. Akasema ameshasahau, ila chekechea hakuipenda.

Mvua ilipokatika tulichomeka vyote, kimoja kimoja.

Aprili 22
Nikampa Mama vidude viwili mkononi, kisanduku cha vitufe sita na kile cha kusikiliza. Hii au hii?

"Chochote kilichopo."

"Hakuna chochote, Mama. Hii au hii?"

Akavipima, akakaza macho. "Hiki chenye rangi ya kucha. Hiki kingine kinasikiliza halafu hakijibu salamu."

Nikakaa nacho mpaka kikamaliza kujisasisha, saa tatu nzima, mbingu ikivumilia. Kile kingine nimekirudisha. Garantii kakipokea kama mtu anayepokea mgonjwa wake. Anasema umeme ulikatwa kikiwa katikati ya kujisasisha, na vile vya kwanza hivyohivyo. Roho ndogo, aliniambia mapema.

Aprili 24
Imenguruma saa nane. Nikasimama dirishani na kitambaa cha lenzi mkononi, nikapiga. Nilikuwa naogopa. Niliona kama nafanya kosa, kuvaa maneno ya mtu kama koti lake.

"Mama, chomoa."

Nikasikia mvua ya kwake ndani ya simu na mvua ya kwetu nje.

"Haya, mwanangu," akasema.

Saa tisa na dakika kumi nikampigia achomeke. Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu.

Aprili 28
Chomoa. Chomeka.

Mei 3
Mara mbili leo. Saa moja alikuwa anatazama. Ndugu mdogo kakipata kiwanda, Mama hana raha naye.

Mei 11
Hakuna mvua. Sikupiga.

Mei 16
Saa saba nimempigia, chomoa. Saa saba na nusu simu ikalia, Shemeji. Hakusema anakuja leo, wala hakungoja mvua ziishe.

"Shemeji, niko hapa kwa Mama. TV giza. Jokofu giza. Mama amekaa anatazama ukuta. Tulikubaliana nini?"

"Imenguruma, shemeji, ndiyo maana..."

"Namkusanyia nguo."

Daktari aliona uso wangu akaninyooshea mwavuli. Nilikimbia nao umekunjwa, ni mitaa miwili, haukunisaidia kitu, na mvua ikakatika nafika langoni. Nilipoingia sanduku la Mama lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kabati, liko wazi kwenye kochi, ndani mna sweta moja. Shemeji amesimama katikati ya sebule. Mama amekaa, simu mapajani.

"Namwambia awashe, hawashi," Shemeji akasema. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, amenyongeka, na kwa mara ya kwanza niliona ana masikio ya marehemu. "Mvua imeshakatika, Mama, sikiliza. Hakuna hata tone. Washa basi tuone."

"Sijaambiwa," Mama akasema.

"Si ndiyo mimi nakuambia?"

"Wewe unasema washa."

Akanigeukia, mikono wazi, kama kusema umeona mwenyewe. Nilikuwa natiririka maji kwenye zulia, hatua tatu kutoka alipokaa Mama. Nikatoa simu yangu, nikapiga. Ya kwake ikalia mapajani. Aliiacha ilie mara mbili, akaipokea, akaiweka sikioni, akageukia dirisha kama mtu anayeongea na wa mbali.

"Haloo?"

"Mama, chomeka."

"Haya, mwanangu."

Akaenda. Jokofu likaguna. TV, kisha kopo la biskuti, kitambaa, kidude, waya mahali pake. Akaketi, akabonyeza penye rangi ya kucha. Akashusha kishale mara moja, akabonyeza. Ndugu wa sabuni wakaja na ugomvi wao pale walipouachia.

Shemeji hakuwa anatazama TV. Ananitazama mimi.

"Hayo ni maneno ya kaka," akasema. "Alikuwa anampigia hivyo hata siku ya harusi yangu, Mama ameshatangulia nyumbani. Alitoka nje katikati ya hotuba."

"Wewe," Mama akamwambia, bila kugeuka, "umenizibia TV. Rudisha sanduku juu ya kabati, halafu uje ukae."

Alilirudisha. Sweta alilikunja vibaya. Akaja akaketi kwenye kochi, mtu mzima na vigae vyake, akalia kimyakimya mpaka kipindi kikaisha, na sisi tukamwacha.

Mei 17
Shemeji kaondoka asubuhi. Langoni aliniambia, "Mama kasema nikikuita tena wewe mtu wa kwenda zako, nisije." Kisha akaniuliza kama na yeye anaweza kupiga siku ikinguruma huko kwake. Nikamwambia radi ya huko Mama ataifanyia nini? Tukacheka kidogo.

Mei 22
Manyunyu. Hayakunguruma.

Mei 30
Mvua zimeisha. Redio imesema, na mbingu yenyewe imekuwa tupu wiki nzima. Zimebaki kurasa mbili za kitabu. Nimesaga lenzi tisa, nimebana skrubu za watu, nimepaka kucha.

Saa kumi na nusu simu ikalia. Mama.

"Mbona siku hizi hupigi?"

"Mama, hakuna hata wingu."

"Kwani nimekuuliza mawingu?"

Nikasimama dirishani na simu, jua limepiga kabati la fremu, zote zinanitazama.

"Chomeka, Mama," nikasema.

"Kimechomekwa," akasema. "Njoo saa moja."